Soli za Raba

Kama kulikuwa na kitu ambacho fundi viatu huyu alikichukia kuliko kodi ya kichwa, basi ni kiatu kinacholia. Kwiki, kwiki, kwiki, mtu mzima anapita mbele za watu kama amekanyaga panya! Aliweza kumsimamisha njiani hata mtu asiyemjua: "Samahani ndugu yangu, nani alikushonea hicho?" Akitajiwa jina la fundi, alitikisa kichwa taratibu kama aliyepewa habari za msiba. Viatu vyake yeye havikulia. Mtaa mzima ulimwita Soli, na kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa viatu vya harusi vya mke wa fundi bati, vya ngozi ya kahawia na kamba ya kufunga kifundoni, ambavyo yule mama alivivaa miaka nenda miaka rudi bila kusikika. Hata mkewe Soli, mwanamke asiyesifu mtu ovyo, alikuwa akisema mume wake akimshonea mwizi, polisi watazeeka wakimtafuta.

Walicheka sana kwa maneno hayo. Baadaye hakuna aliyeyarudia.

Kibanda chake kilikuwa chini, kwenye barabara kubwa, karibu na kambi ya askari. Nyumba yake ilikuwa juu, mwisho kabisa wa kichochoro kilichotandikwa mawe, kichochoro chembamba kiasi kwamba ukikutana na mwenye kapu, mmoja wenu arudi nyuma. Humo ndimo alimomwoza binti yake wa pekee. Na humo, kwenye chumba cha uani, ndimo mkwe wake alimokuwa amelala sasa na tundu la risasi pajani.

Mambo yalikuwa yameharibika. Serikali ya wageni ilipandisha kodi mara ya pili kabla watu hawajamaliza kuilaani ya kwanza. Wapakiaji wa mizigo wa stesheni wakagoma, mabehewa yakalala na mali yake ndani, na watu wakajaa uwanja wa stesheni kusema hawalipi. Mkwe wake Soli, mpakiaji mwenye sauti ya kuita treni irudi, alipanda juu ya mizani ya mizigo akawaambia askari waende kwao. Askari hawakwenda kwao. Walipiga goti, wakapiga risasi. Watu walirudishwa majumbani juu ya milango iliyong'olewa, wengine wakiwa hai, wengine la. Tangu siku ile kila aliyesikika uwanjani alikuwa anawindwa, na yule wa kwenye mizani ndiye aliyewindwa kuliko wote. Ilijulikana wazi: akipatikana, hatafika hata kambini.

Doria zilikuja mchana, saa yoyote. Kilichowaokoa watu wa kichochoro kile ni buti. Buti za askari zilikuwa na kipande cha chuma kisiginoni na misumari chini, na juu ya yale mawe zilisema ko! ko! ko! tangu kwenye bomba la maji lililo mwanzo wa kichochoro. Dirisha la kwanza kabisa lilikuwa la bibi kizee mmoja aliyezibwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, ambaye watu walimwita Bi Masikio kwa sababu alimjua kila mpita njia kwa mwendo wake. Fundi bati alikuwa amemtengenezea sinia. Akisikia chuma, analigonga mara moja tu. Mwanamke wa nyumba ya pili anagonga mfuniko wa sufuria, wa tatu naye anaupokea, na mlio unapanda kilima haraka kuliko askari wenyewe. Kichwa hakitolewi dirishani. Msichana mmoja alikitoa achungulie, akapigwa risasi hapo hapo. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya masikio.

Mlio ukifika juu, mke na binti wa Soli walimnyanyua mgonjwa, wakampitisha juu ya ukuta, wakamshusha kwenye tangi tupu la jirani. Ule muda mdogo kati ya sinia na askari ndio uliokuwa uhai wake. Hakuwa na mwingine.

Sasa siku moja akaingia kibandani sajini wa doria, na nyuma yake askari wawili na magunia ya buti.

"Zimekwisha visigino," sajini akasema. "Zitie chuma kipya."

"Chuma hakuna, afande. Misumari pia hakuna. Vyote vimo kwenye mabehewa, na mabehewa hayana wa kuyashusha."

Sajini alimtazama kuona kama anachekwa. Hakuwa anachekwa, ilikuwa kweli tupu.

"Basi tia chochote. Vijana wangu wanateleza kama watoto."

Soli akafikiri kama fundi, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Uani alikuwa na tairi kuukuu la lori. Raba ya tairi hailiki, haitelezi, na ukiikata vizuri inakaa kwenye buti kama imezaliwa nayo. Akakata, akapaka gundi, akashona kwa uzi wa nta mshono juu ya mshono. Alizimaliza buti za nusu ya doria, na alipozipanga mezani akazirudia kuzitazama, maana zilikuwa nzuri, kusema haki.

Mkewe aliposikia alimkaba kwa maneno mlangoni.

"Unawashonea waliomtoboa mume wa mwanao?"

"Nikikataa watakuja kuniuliza sababu. Unataka waje kuniulizia hapa nyumbani?"

Mwanamke akatazama mlango wa chumba cha uani, akashusha sauti. "Basi si ungewashonea vibaya!"

"Mimi?" Soli alisema, na aliudhika kweli kweli. "Vibaya?"

Siku mbili hazikupita. Soli alikuwa kibandani, anachonga kisigino cha kiatu cha mwalimu, aliposikia bunduki juu kichochoroni. Mlio mmoja, kisha mwingine. Alitupa kisu akakimbia, na alipokuwa anakimbia kitu kimoja kilimkaa kichwani: mbona sinia halikulia?

Haikuwa kwake. Ilikuwa kwa fundi bati, katikati ya kilima. Fundi bati naye alikuwepo uwanjani siku ile na jina lake lilijulikana. Kila mara sinia lilipolia aliruka ukuta wa nyuma akapotea. Safari hii alikuwa anapuliza makaa yake, akainua macho, akaona askari wamesimama mlangoni. Alifika ukutani. Kuuruka hakuuruka. Mkewe alikuwa amemlaza kichwa mapajani mwake, na mabeseni mapya yamezagaa ua mzima, na yule mama hakulia hata kidogo, alikuwa anamfuta tu masizi usoni kama anayemwandaa kwenda mahali.

Watu walijaa. Soli alisimama kizingitini akaangalia chini, ili asiangalie kule. Pale mlangoni vumbi la makaa lilikuwa limemwagika, na juu ya vumbi zilikuwa nyayo. Katika kila wayo kulikuwa na alama za mishale midogo midogo, mmoja juu ya mwenzake, zimetokea safi kabisa. Ilikuwa alama ya tairi la lori, tairi lake.

Akaelewa yote kwa mara moja, kuanzia bomba la maji hadi ukutani. Na unajua alifanya nini? Aliburuta kiatu chake juu ya zile nyayo, polepole, huku na huku, mpaka zikafutika. Halafu akaingia kusaidia kubeba.

Jioni ile, jua halijazama, watu walikusanyika kwa Bi Masikio, na hawakwenda kumpa pole.

"Ulilala, Bi," kinyozi alisema. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na siku ile alikuwa na uchungu. Fundi bati alikuwa rafiki yake wa utotoni. "Sema tu ulilala."

"Sikulala, baba."

"Basi walipita juu kwa juu? Askari kumi wenye chuma miguuni, na wewe unayesikia paka akijikuna?"

"Sikuwasikia," bibi alisema. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. "Sijui. Labda masikio nayo yamechoka. Macho yaliniaga vivyo hivyo, bila kusema."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakaguna. Loo, binadamu! Bibi aliyekuwa akiwaokoa kila siku, leo ananong'onwa kuwa kibaraka. Kinyozi akalichukua sinia. Alisema tangu sasa atalinda yeye, mwenye masikio ya kijana. Na Soli? Soli alikuwa amesimama pale pale kati yao. Mkewe alimtazama mara moja kwa pembe ya jicho. Wanawake wale wa kuishi nao miaka mingi, huna haja ya kuwaambia kitu.

Kesho yake alipokuwa anashuka kazini aligonga kwa Bi Masikio.

"Hodi."

"Karibu, Soli mwanangu." Alikuwa amekaa kitandani, mbali na dirisha lake. "Wewe nimekujua kwa hodi. Miguu yako haijawahi kuniambia kitu."

Soli hakukaa. Alisimama katikati ya chumba kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Mama, hukulala. Na masikio yako ni mazima."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyewatia raba. Chuma hakikuwepo, nikawatia raba ya tairi. Nimeona nyayo mlangoni kwa fundi bati, zote za raba. Wanatembea kimya sasa. Ni kazi yangu ile."

Bibi alipumua kama aliyetuliwa mzigo, na hilo ndilo lililomuumiza Soli kuliko kama angetukanwa.

"Alhamdulillahi," alisema, "kumbe sijawa mzigo bado." Kisha uso wake ukakaza. "Umewaambia wale?"

"Bado."

"Mke wa fundi bati?"

"Mama, nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Lakini hilo ni lako, silibebi mimi. Mimi nina neno moja tu. Umeninyang'anya cha kusikia. Basi nipe kingine."

"Nitakupa nini, Mama? Chuma hakuna."

"Wewe si ndiye fundi?" bibi alisema kwa ukali. "Nipe kitu cha kusikia!"

Alifika kibandani maneno yale yakimpiga kichwani, na hakuwa amekaa vizuri sajini akaingia na magunia mengine. Leo alikuwa na furaha.

"Fundi, umefanya kazi! Vijana wangu wanatembea kama paka. Hizi hapa zilizobaki. Kesho tuna kazi kubwa kule juu, nataka wote wawe namna moja."

Kule juu. Mgonjwa alikuwa na homa, hawezi hata kujigeuza. Na kule juu ni wapi kama si kwake?

"Afande," alisema, na sauti yake ilitoka imara, mwenyewe alishangaa, "nirudishie na zile za mwanzo. Gundi sikuipa muda. Mvua ikinyesha soli zitabanduka, halafu utasema fundi mwizi."

Zikarudishwa zote. Akafunga mlango wa kibanda, akatoa kisu, akaanza kuharibu.

Kila fundi viatu anajua kwa nini kiatu kinalia, maana amefundishwa tangu utoto jinsi ya kukizuia. Kati ya soli na ngozi ya ndani unapaka gundi kila mahali, unajaza kizibo cha chupa kilichosagwa, husazi hata upenyo wa ukucha. Ukiacha ngozi kavu mbili zisuguane, umekwisha: kila hatua inapiga kelele, na haitanyamaza mpaka kiatu kioze. Soli alifumua mishono yake mwenyewe. Akakwangua kizibo chote. Akatia ndani kipande cha ngozi kavu, kigumu, bila tone la gundi, akashona tena; zile zilizobaki nazo akazitia raba namna ile ile. Mkono wake ulikataa. Mara tatu alijikuta amepaka gundi bila kukusudia na ikambidi aifute. Alikivaa kiatu cha kwanza kukijaribu, akapiga hatua. Kwiki. Nywele zilimsimama kwa aibu. Akachukua cha pili.

Sajini alikuja kesho yake mchana na doria nzima. Wakavaa pale pale nje ya kibanda. Sajini akatembea hatua chache, akasimama, akarudi.

"Inalia."

"Mpya, afande. Ngozi na raba bado hazijazoeana. Maharusi hao, waache wagombane kidogo."

Askari mmoja alicheka. Sajini hakucheka. Alimsogelea Soli mpaka wakagusana pumzi.

"Mimi nimeambiwa kambini kwamba viatu vya fundi Soli havilii. Kamwe."

Kisu kilikuwa mezani. Lakini wakati mwingine ulimi una akili kuliko mwenyewe.

"Havilii, afande, nikikata ngozi niliyoichagua mimi. Hizi ni za serikali. Ungeona ndani walivyozishona! Mimi nimeziba tu aibu ya mwenzangu."

Sajini alimkodolea macho. Halafu akapiga kofi mezani, akaguna kicheko. "Hata huko serikalini wanaiba," alisema. Akawapanga watu wake, nao wakageuka kuelekea kichochoroni, kwiki, kwiki, kwiki.

Na hapo ndipo Soli alipokumbuka. Sinia analo kinyozi! Kinyozi aliyekaa dirishani kwake akisubiri chuma, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba chuma hakiji tena. Soli alikuwa na usiku mzima na asubuhi nzima ya kumwambia. Hakumwambia kwa sababu angeuliza umejuaje, na Soli hakuwa tayari kujibu mbele ya watu. Hiyo tu. Aibu, basi.

Akawafuata nyuma, mbali kidogo. Kupiga kelele ni kifo na isitoshe kungewaonyesha ni nyumba ya nani. Walipita bomba la maji. Viatu vililia mpaka kuta zikarudisha mwangwi, na kutoka kwa kinyozi kimya. Kinyozi alikuwa amesikia, alisema baadaye. Alidhani ni toroli la muuza maji.

Kisha: gaaa! Beseni la bati, limegongwa ukutani nje ya dirisha la kwanza. Bi Masikio hakuwa na sinia tena, na beseni halisikiki mbali ukiwa ndani, kwa hiyo alikuwa ametoa mikono yote miwili dirishani. Gaaa! Gaaa! Mfuniko wa pili ukaitikia. Wa tatu. Mlio ukapanda kilima kama zamani, na Soli akahisi machozi yanamtoka kwa furaha, naam, kwa furaha, kwa muda wa pumzi mbili.

Askari wa mwisho aligeuka. Dirisha lilikuwa karibu naye sana, hakuhitaji hata kulenga. Beseni likaanguka kwenye mawe, likazunguka, likazunguka, likatulia.

Wengine walishakimbia kwenda juu. Walivunja mlango wa Soli, wakapindua kitanda, wakakuta mkeka una joto na wanawake wawili wanachambua mchele. Mmoja wao alikuwa anachambua ungo mtupu, lakini askari wale hawakuzoea mambo ya jikoni. Mkwe wake alikuwa ndani ya tangi na kitambaa mdomoni, akauma kitambaa hadi doria iliposhuka. Juma lile lile wenzake walimvusha nje ya mji kwenye mkokoteni wa kuni. Aliishi. Anachechemea, lakini aliishi.

Kumzika Bi Masikio waliruhusiwa watu wachache, na askari wakasimama kwenye lango la makaburi, mbali. Udongo ulipokwisha kurudishwa, kinyozi alianza kusema kwamba bibi amefuta kosa lake la siku ile, na kwamba wote wamemsamehe.

"Hakuna kosa," Soli alisema.

Watu wakageuka. Mkewe alimshika mkono, kisha akauachia.

"Siku ya fundi bati Bi hakulala. Mimi ndiye niliyewatia askari raba buti zao. Nilizishona vizuri, hazikusikika. Yeye alijua, nilimwambia peke yake. Nyinyi sikuwaambia. Ningewaambia, sinia lingekuwa dirishani kwake, na mikono yake ingekuwa ndani."

Hakuomba kitu. Mke wa fundi bati ndiye aliyesogea. Watu wakampisha. Alifika mbele ya Soli, akainama, akafungua kamba ya kifundo cha kulia, kisha ya kushoto. Akavivua vile viatu vya harusi, akaviweka miguuni pa Soli sawasawa, pua zikimwelekea yeye. Halafu akaondoka peku, akapita katikati ya askari langoni bila kuwaangalia.

Soli alivichukua. Aliviweka kwenye rafu ya juu kibandani, akavipaka mafuta kila vumbi lilipovipata, ili akija siku moja avikute laini. Wageni walifungasha virago wakaenda zao, kodi ikapewa jina jingine, wajukuu wakazaliwa kwa yule mkwe anayechechemea. Mke wa fundi bati hakuja. Alinunua viatu kwa fundi mwingine, ng'ambo ya soko, viatu vibaya, vya ngozi kavu. Kila asubuhi alipita navyo mbele ya kibanda akienda sokoni kwa shughuli zake, kwiki, kwiki, kwiki, na Soli alimsikia tangu kwenye bomba la maji. Alishusha nyundo, akasubiri mpaka apite. Yeye aliyekuwa akiwasimamisha njiani hata asiowajua, hakuthubutu hata siku moja kumuuliza nani alimshonea.